Mshale Uliozimwa

9 Februari

Mpwa wangu,

Nakusalimu kwa mkono wa kulia. Ukiona herufi zimelaliana kama walevi, usidhani ni mimi niliyelewa, ni vidole. Huku tuko salama. Mke wangu anakusalimu na kusema umekonda kwenye ile picha uliyotuma, nami nimekatazwa kutaja unene wa mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba hii. Dada yangu, yaani mama yako, alipita Jumapili. Goti limempa nafuu. Mdomo haujawahi kumuuma.

Habari za mkono umezipata kwake, lakini yeye husimulia ajali yangu kana kwamba nilikuwa vitani. Ukweli una aibu zaidi. Nilikuwa karakanani nasaga fizi ya meno bandia, kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita, nikageuka kumcheka mwenzangu Patasi kwa kuwa alikuwa amekalia nta ya moto. Kisahani cha kusagia hakina utani na mtu. Kilipita kwenye kano za kidole gumba na cha shahada. Daktari amezishona, na sasa niko mikononi mwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ameniagiza mawili: niandike kwa mkono kila siku, ndiyo maana unapata barua badala ya simu, na nibonyeze kitu chenye vitufe.

Hapo ndipo boksi lako lilipoingia, na ninakushukuru. Niliposikia mpwa wangu, mpimaji wa michezo ya kompyuta, ananitumia mchezo, nilitarajia mpira wa miguu, kitu ambacho mtu wa umri wangu anaweza kukitukana kwa ujuzi. Umeniletea besiboli. Kwa nilivyoelewa, mtu mmoja anarusha mpira kwa hasira, mwingine anausubiri na gongo, mmoja amechuchumaa nyuma yake kana kwamba ameshikwa na tumbo, na wengine saba wametawanyika kwenye nyasi kama watu wanaotafuta ufunguo uliodondoka. Jana niliukosa mpira mara arobaini. Nilipiga hewa mpaka hewa ikachoka.

Nimesoma kwenye kijitabu chake kwamba mpigaji anayepatia mara tatu kati ya kumi ni bingwa. Wanaiandika mia tatu, yaani mia tatu kati ya elfu. Karakanani kwetu ukipatia meno matatu kati ya kumi unatafutwa na polisi. Lakini kipimo ni kipimo. Yule mtaalamu wa mazoezi humwambia kila mtu "vizuri sana", hata mgonjwa mwenzangu aliyejiangushia kifungo cha shati mdomoni. Kwa hiyo nimejiwekea changu: nikishika mia tatu kwa wiki mbili mfululizo, narudi kwenye benchi. Kabla ya hapo sigusi kinywa cha mtu.

Mjomba wako, mpigaji wa hewa.


3 Machi

Mjomba, shikamoo,

Itikia polepole, nisikusikie ukiongezea maneno. Mimi mzima. Sijakonda, ni taa ya bafuni tu. Mwambie mkaza mjomba kwamba yeye ndiye mtu pekee anayenitetea katika ukoo huu.

Uliuliza zamani ninafanya nini hasa. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne, chumba kisicho na dirisha, vioo vya kompyuta kumi na kimoja, na zulia linalonuka kahawa iliyomwagika kabla sijazaliwa. Wiki nzima nimekuwa nikimkimbiza mchezaji kwenye ukuta wa uwanja, mara mia mbili kwa siku, kuona kama atapenya. Jumatano alipenya. Nikapigiwa makofi kwa kuipata kasoro.

Sasa besiboli. Kosa lako ni kwamba umeingia mechi ya kirafiki. Huko ngazi ya ugumu unaichagua mwenyewe, ziko tano, kuanzia Mgeni hadi Gwiji, na ukishachagua haisogei hata ukilia. Wewe ulibonyeza kwa pupa ukatua ya nne. Katika modi ya kuongoza timu unaweza kupanga ugumu wa kupiga peke yake na wa kurusha peke yake. Ukicheza mtandaoni, kampuni ndiyo inayoamua, na wote wawili mnabanwa sawasawa. Halafu kuna modi ya Maisha. Humo unakuwa mchezaji mmoja tu, unaanza timu ya uchochoroni, unapanda mpaka ligi kuu. Hiyo ndiyo yako. Inakwenda na mtu, utaona mwenyewe.

Nimekuandikia hatua saba kwenye karatasi ya njano. Zifuate zote kama zilivyo. Ukimaliza, usiguse tena mipangilio.

Hiyo mia tatu yako imenichekesha siku nzima.

Mpwa wako.


4 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu kwanza, maana najua nikianza na habari nitazisahau. Wote wazima. Mama yako amenunua mwavuli mwekundu na anautembeza hata jua likiwa kali. Mke wangu ana mafua ila anayakanusha.

Mia tatu na kumi na mbili.

Nimeiandika peke yake ili uitazame vizuri. Wiki mbili na siku tatu. Karatasi yako ya njano niliifuata hatua kwa hatua, na tangu hapo mambo yamefunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Mwanzoni nilikosa kama kawaida yangu. Kisha, siku hadi siku, nikaanza kuuona mpira. Unakuja taratibu, unajionyesha, karibu unisalimie. Juzi nimeupiga ukatoka uwanjani, ukavuka watu, ukavuka na bango la tangazo la sabuni. Watazamaji wananiimbia jina. Mtangazaji, ambaye Februari alikuwa ananisemesha kama mgonjwa, sasa anaishiwa maneno.

Mke wangu aliniuliza, "Umeshinda nini?"

"Heshima."

"Hiyo heshima inakunja nguo?"

Nilizikunja. Kwa mkono wa kulia.

Jumatatu nilirudi kazini. Patasi alilikung'uta koti langu vumbi, akanivika kama bwana harusi. Kazi ya kwanza ni ya mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mmoja mwembamba, mkali wa macho: meno yote ya juu, kumi na manne. Nilipanga jino moja moja kwenye nta. Kisu kilinitoka mara mbili, lakini asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Nilipomaliza, Patasi alikitazama kile kipande akasema, "Kiache hapo, nitakifungasha mimi." Nikamwachia. Mtu aliyekaa miezi miwili nyumbani asianze na kazi za kufunga maboksi.

Nijibu upesi. Nataka kusifiwa na mtaalamu.

Mjomba wako, nyota wa ligi.


12 Mei

Mpwa wangu,

Barua yangu ya Aprili ama imepotea njiani, ama imefika na wewe ndiye uliyepotea. Mama yako anasema mnaongea kila Jumamosi na hujambo kabisa. Nilipomuuliza kama hukunitumia salamu, alifungua ule mwavuli ndani ya nyumba akaanza kuukagua mbavu.

Sikuandikii kwa kulalamika. Nakuandikia kama mteja. Mchezo wako umeharibika.

Ilikuwa hivi. Jumapili mchana mke wangu alisema amechoka kusikia makofi ya watu asiowaona, akataka naye acheze. Modi ya Maisha ni ya mtu mmoja, kwa hiyo tukaingia mechi ya kirafiki ya watu wawili. Ngazi ilikuwa ya tatu, ya katikati, tukaiacha hapohapo. Nikamwambia nitampiga kwa upole kwa sababu ya ndoa.

Mpira wa kwanza sikuuona. Wa pili niliuona ukiwa umeshapita. Nilibonyeza nikadhani nimebonyeza, mchezaji wangu akazungusha gongo wakati mpira umeshafika, umedakwa, na karibu ufuliwe. Mke wangu, ambaye anashika kile kidude cha vitufe kana kwamba ni samaki hai, alipiga mitatu nje ya uwanja huku akiniuliza kama nimefunga bomba la uani. Kumi na saba kwa sifuri.

"Mbona unanionea huruma?" akasema.

Nikazima mashine. Jioni ile nikarudi modi ya Maisha, peke yangu. Nikapiga vizuri kama kawaida. Kwa hiyo ni wazi upande ule wa kirafiki una hitilafu. Wewe ndiye fundi. Niambie nifungue skrubu gani.

Kazini kunakwenda. Yule mwalimu hajarudi kulalamika, na mwalimu wa hesabu asipolalamika ni sawa na kupewa nishani. Patasi amekuwa mpole mpaka nahisi ana ugonjwa anaoficha. Siku hizi anafika saa kumi na mbili asubuhi, mtu ambaye kwa miaka yote hii nimekuwa nikimfungulia mlango mimi.

Mjomba wako.


30 Mei

Mjomba, shikamoo,

Nimeianza barua hii mara nne. Kila mara ninaandika habari za goti la mama, kisha za bosi wangu, kisha ukurasa unaisha. Leo goti ni zima, bosi ni mzima, basi.

Mchezo haujaharibika.

Modi ya Maisha hupanda na kushuka yenyewe. Ukipatia, inakaza. Ukikosa, inalegeza: mpira unapunguzwa mwendo, na hata ukichelewa kubonyeza unahesabiwa umewahi. Huwa kuna mshale mdogo kwenye kona ya kioo unaoonyesha umepandishwa au umeshushwa. Hatua ya sita kwenye karatasi ya njano ilikuwa ya kuuzima mshale huo. Uliuzima mwenyewe, kwa sababu nilikuandikia uuzime.

Mechi ya kirafiki haimshushi mtu. Wewe na mkaza mjomba mlikuwa ngazi ya tatu nyote wawili, sawa kwa sawa. Yeye ana vidole kumi.

Mama alinipigia simu mwezi wa pili akaniambia, "Mjomba wako anashinda akitazama ukuta. Mfanyie wepesi kidogo, asikate tamaa." Nikakufanyia. Ile mia tatu uliniambia mapema, siwezi kusema sikujua. Niliisoma nikadhani ni mzaha, kwa kuwa kila unachosema wewe ni mzaha. Barua yako ya Aprili ilipofika ndipo niliposoma neno "kazini", na tangu siku hiyo sikuwa na la kuandika. Kwenye simu ningekudanganya nikaenda kulala. Barua inabaki kwenye droo ya mtu.

Nimezilaza barua zako tatu mezani. Herufi za Mei hazijanyooka kuliko za Februari, mjomba. Ni zilezile.

Ukitaka kuona yote, fungua ukurasa wa kumbukumbu, chini kabisa. Unaandika ngazi kwa tarehe.

Yale meno ya mwalimu yako wapi sasa?

Mpwa wako.


16 Juni

Mpwa wangu,

Salamu niliziandika, nikazifuta. Mama yako mzima, simsemeshi. Mke wangu mzima, naye simsemeshi isipokuwa kuomba chumvi.

Nimeufungua ukurasa wako wa kumbukumbu. Tarehe sita Machi, ngazi ya tatu, wastani mia na thelathini. Tarehe kumi na nne, ngazi ya pili, mia mbili na tano. Tarehe kumi na nane, ngazi ya kwanza, na hapo ndipo nyota yangu ilipochomoza. Ngazi ya kwanza, mpwa. Imechorwa dubu mdogo kando yake. Kijitabu kinasema mtoto wa miaka saba hupata mia tano humo. Mimi nilikuwa nacheza na dubu, napiga chini ya mtoto wa miaka saba, na nikakuandikia barua nikidai sifa.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa kabla sijajua hata mnazi unapandwa wapi. Mmenivika kilemba cha ukoka, nami nikakinyoosha vizuri kichwani, nikaenda nacho kazini.

Kesho yake nilifika karakanani saa kumi na mbili kasoro. Patasi alikuwa ameinama benchini, taa imewashwa, kipande changu cha jana kiko mbele yake. Alikuwa anang'oa meno kwenye nta, moja baada ya jingine, kwa kisu cha moto, na kuyahamishia nta mpya.

"Patasi."

Hakugeuka. "Umewahi leo."

"Unafanya nini?"

"Nanyoosha kidogo."

"Umeng'oa tisa. Huko ndiko kunyoosha kidogo?"

Akaweka kisu chini. "Mzee, kazi inatoka, watu wanatafuna. Wewe unataka nini zaidi?"

"Tangu lini?"

Akafungua kabati la plasta, rafu ya chini, akatoa boksi la viatu. Humo mlikuwa na vipande vyangu vyote tangu Aprili, vilivyorudishwa na vilivyobaki nta tupu. Vyote, hakuna hata kimoja kilichofika kinywani mwa mtu na kukaa. Cha mwalimu kilikuwa juu kabisa. Nilikiinua dirishani, nikaona nilichokuwa sikioni: mstari wa meno umepinda kama foleni ya watu wanaochungulia ugomvi, na ukingo wa nyuma mkali wa kukata ulimi.

"Huyu alikivaa?"

"Wiki tatu," Patasi akasema. "Alirudi siku uliyokwenda kwa mtaalamu wako. Ufizi umechanika. Nikamtengenezea kingine."

"Akasema nini?"

"Akasema nisikwambie."

Nilikwenda nyuma, kwenye sinki la plasta, nikatapika. Sikutapika kwa ajili ya damu ya fizi, nimeiona tangu ujana. Nilitapika kwa sababu ya yale makofi. Nilikuwa na furaha, mpwa, hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote. Miezi miwili nimetembea mtaani kifua mbele, nikimwambia muuza magazeti kwamba mkono umerudi, huku mwanamke mwenye umri wa kunizaa anameza damu yake kwa adabu. Na kila aliyejua alinitazama usoni akatabasamu. Mama yako. Patasi. Wewe na karatasi yako ya njano, mwandiko mzuri, namba moja hadi saba. Mke wangu anasema yeye hakujua lolote, alihisi tu. Nimemwambia kuhisi na kunyamaza ni sawa na kujua, akaniambia basi alivyonifunga kumi na saba ilikuwa ndiyo kusema.

Nikaomba chumvi.

Nyota wa ligi yako alikuwa bado yumo ndani ya mashine. Jana mchezo uliniarifu kwamba amejengewa sanamu mbele ya uwanja. Nilimtazama amesimama pale kwa shaba, gongo begani, nikahisi kama mtu aliyefungua friji na kukuta kitu cha mwezi uliopita. Nimemfuta. Mashine iliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Usinijibu upesi.

Mjomba wako.


9 Julai

Mjomba, shikamoo,

Nimesubiri wiki tatu. Sijui kama hiyo ni upesi.

Mama ananiambia umeanza kumwitikia ila kwa neno moja moja. Anasema ni heri matusi.

Sitakuomba radhi kwa kirefu, maana radhi ndefu nayo ni namna ya kumbembeleza mtu. Nilikosa. Uliponiambia kipimo chako, nilikuwa na nafasi ya kukwambia kipimo hicho kinajipinda chenyewe, nikachagua kukifanya kisionekane kinajipinda.

Hapa kazini niliandika ripoti ya kasoro. Nilisema: katika modi ya Maisha mchezaji anaweza kuuzima mshale, akashushwa mpaka chini kabisa bila kujua, huku anaona wastani wake unapanda. Nikapendekeza mshale usizimike, tena uwe mkubwa. Bosi aliirudisha siku ileile na maneno haya: "Si kasoro. Ndivyo ilivyokusudiwa. Anayejua ameshushwa huacha kucheza."

Nilikwenda mezani kwake. Nikamwambia, "Na asiyejua?"

Akasema, "Asiyejua anafurahi. Tatizo lako ni nini?"

Anakula karanga mchana kutwa, na maganda anayarudisha kwenye pakiti ileile. Nilimtazama akitafuta karanga nzima kati ya maganda yake mwenyewe, na tangu hapo nashindwa kula naye meza moja. Halafu nikakumbuka kwamba yeye hajawahi kumwandikia mtu karatasi ya njano. Hiyo ni kazi yangu mwenyewe. Hata yale makofi ya siku mchezaji alipopenya ukuta nimeanza kujiuliza yalikuwa ya nini.

Kama bado unacheza, cheza mechi ya kirafiki. Ngazi unayoiweka ndiyo itakayokuwepo kesho.

Mpwa wako.


2 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu kwa urefu wake wa kawaida. Mke wangu hajambo, anakusalimu, ameanza kunifunga kumi na mbili badala ya kumi na saba na anadai si kwa huruma. Mama yako tumepatana. Alikuja na ule mwavuli, akakaa, akasema, "Nilikufanya mtoto." Nikamwambia ndiyo, tena mtoto wa dubu. Hakuelewa, akacheka kwa tahadhari. Sisi sote tunakula.

Kinyaa bado ninacho, usidhani kimeisha. Mtu akiniambia "vizuri sana" navuka barabara. Lakini nimepata pa kukiweka.

Kwanza nilikwenda kwa yule mwalimu. Nyumba yake ina vitabu mpaka jikoni. Nilisimama mlangoni nikamwambia ya Aprili yalikuwa yangu, ya Mei yalikuwa ya Patasi, na kwamba nimekuja kuomba radhi.

"Najua," akasema. "Ya kwanza yalinichana. Ya pili yana heshima."

"Mbona hukunirudia mimi mwenyewe?"

"Mwenzako aliniambia unaumwa. Nikala vitu laini wiki tatu kwa ajili ya adabu." Akanitazama kama mtu aliyekuta jibu sahihi kwenye daftari lisilokuwa na njia. "Nimefundisha miaka thelathini na nne, sijawahi kumwongezea mtoto alama. Sijui nini kilinipata nikakuongezea wewe. Imenichukiza mpaka leo."

Tukakaa hapo wawili, kila mmoja amejichukia kwa sababu zake. Sijakaa kikao kizuri kama kile mwaka huu. Kisha akasema meno yake ya chini nayo yamekwisha, na anataka niyatengeneze mimi.

"Siwezi."

"Sikuuliza kama unaweza. Uyatengeneze, na yakiwa mabaya nitakwambia ni mabaya."

Nikarudi kwa Patasi nikamwekea sharti. Hakuna kunyoosha asubuhi. Kila kipande changu kitakaa juu ya meza yake mchana, mbele ya macho yangu, naye atasema ndiyo au hapana. Na lile boksi la viatu lihamie kwenye rafu ya juu, wazi.

"Nitakuwa nakwambia hapana kila siku," akasema.

"Basi niambie kila siku."

Cha kwanza akasema hapana. Cha pili hapana. Cha tatu alikizungusha mkononi muda mrefu, akasema hapana, akatoka nje akasimama uani dakika kumi. Nilimwona kupitia dirisha akijifuta uso kwa kitambaa chenye plasta, akarudi mweupe kama mzimu. Kusema kweli kunamuuma yule bwana kuliko mimi. Nilijifunza kushika kisu kwa kidole cha kati na kukiegemeza kwenye kiganja, mwendo wa kobe. Kwa siku moja zamani nilipanga meno kumi na manne, sasa napanga manne.

Jioni nacheza kidogo. Mechi ya kirafiki, ngazi ya tatu, mshale hauna cha kuonyesha. Juni nilikuwa na mia na kumi na moja. Julai, mia na kumi na tano. Agosti, mia na hamsini na moja. Mtangazaji hana habari nami kabisa, na ninamshukuru. Ile mia tatu huenda nisiifikie. Mtaalamu wa mazoezi nilimbana safari hii aache "vizuri sana" zake, akakohoa, akasema kano zikishonwa mara moja huwa hazirudi zote. Ameniambia Agosti jambo ambalo mkono wangu ulilijua Machi.

Kipande cha nne, meno ya chini ya mwalimu, Patasi alikiweka mezani akaanza kufuta kisu. Nikamuuliza, ndiyo au hapana. Akasema, "Aje akivae, aseme mwenyewe."

Mwalimu alikuja Ijumaa saa nne asubuhi, na mkoba wake na miwani mbili. Akayavaa. Akauma karatasi ya wino, ile inayoacha alama jino linapobana, akafungua, akauma tena. Karakana nzima ilikuwa inanuka plastiki ya moto.

"Yanabana kushoto," akasema.

Patasi akafungua mdomo, nikajua anataka kusema ni kawaida, yatazoea. Nikamwambia, "Usimsemee."

Nikayachukua, nikakaa kwenye mashine ileile iliyonikata, nikasaga kushoto, kiasi cha unywele. Nikampa.

"Bado."

Nikasaga tena. Kidole gumba kilikuwa kinatetemeka, nikakiacha kitetemeke, nikangoja kitulie, nikaendelea. Nikampa.

"Bado kidogo."

Mara ya tano aliyavaa akakaa nayo. Akatafuna hewa upande wa kulia, akatafuna kushoto, akatazama dari.

"Je, sasa?" nikamuuliza.

"Sasa nyamaza," akasema, "nitafune."

Mjomba wako.